Roger Casement na Mizani ya Ushuhuda

Katikati ya mwaka 1903, konsuli wa Uingereza katika Dola Huru ya Kongo alifika Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa, akiwa na maagizo ya serikali yake apande mto na kuchunguza habari za ukatili zilizokuwa zikivuja kutoka maeneo ya mpira. Vyombo vikubwa vya mtoni vilikuwa vya dola ya Mfalme Leopold wa Pili, au vya makampuni yaliyolindwa na dola hiyo. Roger Casement hakuvipanda. Alikodi boti ya mvuke ya wamisionari wa Kibaptisti wa Marekani, iliyoitwa Henry Reed, akajichagulia mwenyewe pa kutia nanga, muda wa kukaa na watu wa kuzungumza nao. Ulionekana kuwa uamuzi wa safari tu, lakini uzito wa kila alichokuja kuandika ulianzia hapo. Mchunguzi anayesafirishwa na mtuhumiwa hufikishwa pale ambapo mtuhumiwa ameshafagia.

Naanza na boti hiyo kwa sababu maisha ya Casement husimuliwa mara nyingi kuanzia mwisho wake, kwenye kitanzi cha gereza la Pentonville jijini London, tarehe 3 Agosti 1916. Anayeanzia huko hujikuta amelazimika kuchagua upande mapema: ama shujaa wa Ireland aliyeuawa kwa hila, ama mhaini aliyejiunga na adui wakati wa vita. Hoja ninayoitetea hapa ni nyingine. Ushuhuda wa mtetezi wa haki za binadamu hupimwa kwa jinsi alivyoukusanya na kwa wengine wanaouthibitisha. Haupimwi kwa usafi wa maisha yake. Na kwa upande wa pili, ukweli wa ushuhuda huo haumpi msamaha wa makosa atakayoyafanya baadaye. Kwa jumla ni rahisi kuyakubali maneno haya. Kwa Casement ni magumu, kwani yeye aliwapa maadui zake karibu kila silaha waliyoihitaji.

Dola aliyokwenda kuichunguza ilizaliwa kwa ahadi. Katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Leopold aliyaaminisha mataifa makubwa kwamba utawala wake Kongo ungeleta biashara huria na kukomesha utumwa. Ahadi ya pili iliwagusa moja kwa moja watu wa pwani yetu, kwa sababu wafanyabiashara waliotajwa kila mara kama maadui wa ustaarabu walikuwa Waarabu na Waswahili waliotokea Zanzibar na Tabora. Hata hivyo mwaka 1887 mfalme huyohuyo alimteua Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kuwa gavana wake wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye majeshi ya dola yakageuka. Kati ya 1892 na 1894 yalivunja nguvu ya wafanyabiashara hao huko Nyangwe na Kasongo kwa jina la vita dhidi ya biashara ya watumwa, na pembe, mashamba na watu vikabaki mikononi mwa washindi. Wakati huo tairi la upepo alilolibuni John Boyd Dunlop mwaka 1888 lilikuwa limeanza kuugeuza utomvu wa mitambaa ya msituni kuwa mali. Dola ikatangaza kwamba ardhi yote isiyolimwa ni yake, mpira wote uliomo ni wake, na wanavijiji wanadaiwa kodi ya mpira. Vijiji vilipangiwa vikapu. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao watokee msituni na mzigo uliotimia. Aliyepungukiwa alilazwa chini na kuchapwa kiboko. Askari waliotumwa kuadhibu walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea kwa kuwinda nyama, na uthibitisho uliopokelewa kwa kila risasi ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa.

Casement hakuwa mgeni wa mfumo huo, na hapa ndipo pingamizi la kwanza dhidi yake linapozuka. Alizaliwa Septemba 1864 karibu na Dublin, akawa yatima angali mdogo, akaanza ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster huko Liverpool, na mwaka 1884 alikuwa tayari Kongo, akiajiriwa na shirika lilelile la Leopold lililokuwa likiandaa njia ya dola hiyo. Alisaidia kupanga usafirishaji wa mizigo iliyobebwa na vichwa vya watu kati ya pwani na bwawa la Stanley. Mtu wa namna hiyo ana haki gani ya kuja kulaumu nyumba aliyoshiriki kuijenga? Nadhani swali hili lina jibu katika taarifa yenyewe. Kwa kuwa aliijua Kongo ya miaka ya 1880, aliweza kufanya jambo ambalo mpita njia asingeliweza: kulinganisha. Alipofika Bolobo aliandika kwamba mji aliokuwa akiujua una watu wapatao 40,000 sasa unakadiriwa kuwa na watu 7,000 au 8,000. Hakusema kwamba wote waliopungua waliuawa kwa risasi; alitaja pia maradhi ya malale, akataja waliokimbia na waliokufa kwa njaa kwa sababu mashamba yalikosa mikono. Ushiriki wake wa zamani ni doa, nami silifuti. Lakini ndio uliompa macho ya kuona kilichotoweka.

Njia aliyopita nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kutoka Bolobo alipanda hadi Lukolela, akaingia Ziwa Tumba, akafika Coquilhatville ambayo leo ni Mbandaka, kisha akafuata mito ya Lulonga na Lopori hadi eneo la kampuni ya ABIR. Njiani alikutana na wakimbizi waliohama makwao, akawauliza kwa nini wameacha ardhi ya wazee wao. Walimweleza kwamba walidaiwa vikapu ishirini, kwamba mitambaa ya karibu ilikwisha wakalazimika kwenda mbali zaidi msituni, kwamba huko waliliwa na chui au walikufa kwa njaa na baridi, na kwamba wake zao nyumbani waliacha kulima. Casement aliyaandika maelezo hayo kama yalivyotafsiriwa, swali kwa jibu, akamhoji mmoja kisha mwingine aone kama yanalingana. Aliandika uzito wa mpira uliodaiwa na thamani ya kilicholipwa, akataja idadi ya kuku na vipande vya mikate ya muhogo ambavyo kijiji kilitakiwa kuvipeleka kituoni. Hii ni kazi ya karani wa meli aliyezoea kukagua mizigo. Sifa zake kwa watu wa fasihi zilijaa baadaye, hata akafananishwa na wahusika wa riwaya, lakini thamani ya taarifa ya 1904 iko kwenye hesabu hizi kavu.

Leopold alikuwa na uzoefu wa kuzima sauti kama hii. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi George Washington Williams, mwanahistoria, mchungaji na mwanasiasa wa zamani wa Ohio, alipanda mto Kongo hadi Stanley Falls, na kutoka huko akamwandikia mfalme barua ya wazi iliyoorodhesha udanganyifu wa mikataba, ukatili wa askari na biashara ya watu iliyofanywa na dola iliyodai kuipinga. Katika barua nyingine kwa serikali ya Marekani alitumia maneno yaliyokuja kuwa msingi wa sheria ya kimataifa nusu karne baadaye, makosa dhidi ya ubinadamu. Magazeti yaliyompendelea mfalme hayakushughulika na mashtaka. Yaliuliza kwanza huyu Williams ni nani, na yakapata la kusema: cheo cha kanali alichojiita hakikuwa cha kweli, na maisha yake yalikuwa na madeni na ahadi zilizovunjwa. Hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Williams alifariki Blackpool, Uingereza, Agosti 1891, akiwa na umri wa miaka 41, na barua yake ikasahauliwa kwa muda mrefu. Kila shtaka kubwa aliloandika lilikuja kuthibitishwa. Gharama ya kuuliza "ni nani" badala ya "ni kweli" ililipwa na watu wa Kongo kwa zaidi ya miaka kumi.

Taarifa ya Casement ilipochapishwa London mwezi Februari 1904, ilijeruhiwa kwanza na watu wa upande wake. Wizara ya Mambo ya Nje iliondoa majina ya mashahidi, ya vijiji na ya wahusika, ikaweka herufi na alama mahali pao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda waliosema na kuepuka kesi. Casement alikasirika, kwa haki kabisa, kwani taarifa isiyo na majina humruhusu mshtakiwa kusema kwamba haiwezekani kuijibu. Dola ya Leopold ikachagua shauri moja tu ambalo jina lake lilijulikana, ikapiga hapo kwa nguvu zote. Septemba 1903, katika kijiji kimoja cha mto Lulonga, Casement alikuwa ameletewa kijana aitwaye Epondo asiye na kiganja cha kushoto. Wanakijiji walisema kimekatwa na mlinzi wa kampuni, mmoja wa wale waliojulikana kama makapita, jina lake Kelengo. Konsuli alimchukua kijana huyo hadi Coquilhatville, akadai hatua za kisheria. Baada ya Casement kuondoka, wachunguzi wa dola walimhoji Epondo upya, naye akasema kwamba mkono wake uliliwa na nguruwe mwitu. Brussels ikashangilia: konsuli amedanganywa na washenzi, na taarifa nzima imeanguka.

Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba nguruwe huyo alikuwapo kweli. Tusijiulize kwanza kijana wa kijijini angefanya nini mbele ya maofisa wenye bunduki baada ya mgeni aliyemsikiliza kuondoka na boti yake. Je, taarifa ingeanguka? Ingeanguka kama ingekuwa imesimama juu ya Epondo. Lakini ilisimama juu ya safari ya wiki kadhaa, juu ya vijiji vingi visivyojuana, juu ya wamisionari wa Kiingereza na Kimarekani waliokuwa wamekaa huko miaka, na juu ya hesabu za mpira ambazo makampuni yenyewe yalizitangaza kwa wanahisa wake huko Antwerp. Mbinu ya kuchukua ushahidi mmoja dhaifu na kuufanya mlango wa kutupia nje ushahidi wote imetumika baada ya hapo katika nchi nyingi, nazo zetu zimo. Inafanya kazi kwa sababu msomaji anayechoka hupenda kuambiwa kwamba jambo zito limekwisha.

Mara hii mbinu hiyo haikufanya kazi, na aliyeizuia, bila kukusudia, ni Leopold mwenyewe. Ili kuituliza Uingereza, aliteua mwaka 1904 tume ya majaji watatu: Mbelgiji Edmond Janssens, Mwitaliano Giacomo Nisco aliyekuwa tayari jaji huko Boma, na Mswisi Edmund de Schumacher. Alitegemea watamsafisha. Majaji hao walikwenda wakasikiliza watu, na wakaandika maelezo ya mashahidi 370. Kule Baringa alitokea mbele yao Lontulu, chifu wa Bolima, aliyekuwa amechapwa, akafungwa minyororo na kushikwa mateka. Aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwao aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavitenga kwa mafungu, machifu kando, wanaume kando, wanawake, watoto, kisha akavitaja kimoja kimoja kwa majina ya marehemu. London ilikuwa imefuta majina kwa kalamu. Lontulu aliyarudisha kwa vijiti, mbele ya majaji walioteuliwa na mfalme aliyemtuhumu. Taarifa ya tume iliyotoka Novemba 1905 ilitumia lugha ya upole kuhusu mfalme, lakini kwa mambo ya msingi, mateka, kazi ya kulazimishwa, safari za adhabu na mikono iliyokatwa, ilikubaliana na Casement. Hapo ndipo kipimo cha ushuhuda kilipotimia. Watu wasiompenda, waliotumwa na adui yake, walipita njia ileile wakarudi na habari zilezile.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yalikuwa ugomvi wa mabwana. Uingereza ilitaka mlango wa biashara ya Kongo ufunguliwe, na Casement alikuwa chombo chake. Pingamizi hili lina nguvu Afrika Mashariki kuliko mahali pengine. Oktoba 1905, wiki chache kabla taarifa ya tume haijatoka, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la amani, na askari wa serikali hiyohiyo iliyosikitikia Kongo wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe wa Nandi. Hakuna konsuli aliyetumwa kuwahesabu waliokufa. Ni kweli basi kwamba maslahi ya Uingereza yanaeleza kwa nini taarifa ilichapishwa, na kwa nini Uingereza haikujiuliza swali lilelile kuhusu makoloni yake. Lakini maslahi ya mchapishaji hayawezi kumrudishia Lontulu watu wake 110. Mtu anaweza kusema kweli kwa sababu mbaya; kinachobadilika ni heshima yake, na si idadi ya maiti. Zaidi ya hayo Casement mwenyewe hakubaki pale serikali yake ilipobaki. Katika barua aliyomwandikia mwanahistoria Alice Stopford Green mwaka 1907 alieleza kwamba ndani ya misitu ile ya Kongo alimkuta Leopold, na humohumo akajikuta yeye mwenyewe kuwa Mwairishi, na kwamba aliutazama msiba ule kwa macho ya watu waliowahi kuwindwa nao.

Tena harakati zilizofuata hazikuendeshwa na wizara. Desemba 1903 Casement alikutana na Edmund Dene Morel, karani mwingine wa zamani wa Elder Dempster, ambaye alikuwa amegundua kutoka kwenye orodha za mizigo kwamba meli zilitoka Kongo na mpira na pembe na kurudi na bunduki na risasi badala ya bidhaa za biashara. Machi 1904 Chama cha Marekebisho ya Kongo kilizinduliwa Liverpool, na Casement, akiwa bado mtumishi wa serikali aliyepaswa kukaa kimya, alikichangia paundi 100. Picha zilizopigwa na Alice Seeley Harris wa misheni ya Baringa, ikiwamo ile ya Nsala akitazama kiganja na mguu wa binti yake mdogo Boali, zilizungushwa katika kumbi za makanisa. Na yupo mtu ambaye historia imempa nafasi ndogo mno kuliko anayostahili: Hezekiah Andrew Shanu, aliyetokea Lagos, mpiga picha na mfanyabiashara wa Boma, aliyewahi kutunukiwa nishani na dola ya Leopold. Alianza kumpelekea Morel nyaraka za siri, zikiwamo za kesi zilizoonyesha kwamba maofisa walijua kilichokuwa kikitendeka. Alipogunduliwa, wafanyakazi wote wa dola walikatazwa kununua kwake, biashara yake ikafa, na Julai 1905 akajiua. Casement alilindwa na pasipoti na cheo. Shanu hakuwa na kinga yoyote. Mtu akitaka kujua nani alilipa bei kubwa zaidi kwa kusema kweli Kongo, aanze na Boma, si na London.

Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake. Wakati huo Casement alikuwa Brazili, na mwaka 1910 serikali yake ilimtuma mto Putumayo, ambako kampuni ya Julio César Arana, iliyosajiliwa London, iliwatesa na kuwaua Wahuitoto, Wabora na Waandoke kwa ajili ya mpira uleule. Alitumia njia ileile ya Kongo: aliwahoji wasimamizi kutoka Barbados, raia wa Uingereza waliokiri walichoamriwa kufanya, mmoja baada ya mwingine, na akawakabilisha na wakubwa wao. Mwaka 1911 akapewa cheo cha Sir, mwaka 1912 taarifa ikachapishwa, mwaka 1913 akaacha kazi ya serikali. Arana hakufungwa hata siku moja, na baadaye akawa seneta wa Peru.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wapenzi wa Casement huipita haraka. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikwenda Ujerumani, akafika Berlin mwisho wa Oktoba, kuomba silaha na msaada wa uhuru wa Ireland. Kwa msomaji wa Songea, Kilwa au Mahenge, jina la Ujerumani la wakati huo halihitaji maelezo. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 na kuzimwa 1907, ambapo jeshi la Kaiser lilichoma maghala na mashamba makusudi ili njaa imalize kazi ya risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Kusini Magharibi mwa Afrika, Waherero na Wanama walikuwa wamefukuziwa jangwani na kufungwa kambini mpaka makabila yao yakakaribia kwisha. Wakati Casement akibembeleza wizara za Berlin mwezi Novemba 1914, Wajerumani na Waingereza walikuwa wakipigania Tanga, na pande zote mbili zilikuwa zimeanza kukusanya wapagazi ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Mtu aliyejua kuliko wengi nini maana ya kijiji kuchomwa kwa sababu ya kodi aliisifia Ujerumani katika maandishi yake, na sioni popote alipoiuliza habari za Tanganyika.

Wengine humtetea kwa kusema kwamba adui wa adui yako humkagui meno. Utetezi huo unamfaa mwanasiasa. Haumfai mtu aliyejipatia jina kwa kudai kwamba haki ya Mhuitoto na ya mtu wa Bolima ni ileile. Naliona hili kuwa kosa lake kubwa kuliko yote, kubwa kuliko lile alilonyongewa, na heshima ya Kongo haiwezi kulifunika. Lilimwangusha hata kwa malengo yake mwenyewe: kati ya wafungwa wa Kiairishi waliokusanywa Limburg, waliojiunga na kikosi chake hawakuzidi 60. Wajerumani walimpa bunduki 20,000 na meli moja, ambayo nahodha wake aliizamisha ilipokamatwa. Casement alishushwa na nyambizi ufukweni Banna, jimbo la Kerry, alfajiri ya Ijumaa Kuu tarehe 21 Aprili 1916, akakamatwa siku hiyohiyo, siku tatu kabla ya mapinduzi ya Pasaka kuanza Dublin.

Kesi ya mwezi Juni ilikuwa fupi. Alishtakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351, na mawakili wakabishana kama maneno ya sheria hiyo ya kale yanamgusa mtu aliyetenda kosa nje ya nchi. Mwendesha mashtaka, F. E. Smith, alikuwa mwenyewe miaka michache nyuma ameunga mkono jeshi la kujitolea la Ulster lililotishia kuipinga serikali kwa silaha. Hukumu ilikuwa kifo. Maombi ya msamaha yakaanza kumiminika, likiwamo lililoandaliwa na Arthur Conan Doyle. Joseph Conrad, aliyekutana na Casement Matadi mwaka 1890 na kumpenda, alikataa kutia sahihi. Hapo ndipo Basil Thomson wa Scotland Yard na Kapteni Reginald Hall wa ujasusi wa jeshi la majini walipoanza kuwaonyesha wahariri, wanasiasa na balozi wa Marekani kurasa za shajara zilizokutwa katika mizigo ya Casement, kurasa zilizoeleza mahusiano yake ya kimwili na wanaume. Hazikuwa sehemu ya mashtaka. Kusudi la kuzionyesha lilikuwa moja: waliotaka kumtetea waone aibu kutajwa pamoja naye. Wengi wakanyamaza.

Kwa miaka mingi watetezi wake nchini Ireland walishikilia kwamba shajara hizo zilighushiwa, na wapo wanaoshikilia hivyo hadi leo, ingawa uchunguzi wa kitaalamu wa mwandiko uliotangazwa mwaka 2002 uliziona kuwa za mkono wake. Naona walijichosha bure, kwa sababu walikubali kanuni ya Thomson na Hall: kwamba shajara zikiwa za kweli, Kongo inakuwa ya uongo. Baadhi ya wanaume aliokutana nao walikuwa vijana maskini aliowapa pesa, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza swali zito kuhusu konsuli mwenye fedha mbele ya mtu asiye nazo. Aulize, na asilegeze. Lakini ajue kwamba swali hilo linahusu mwenendo wa Casement; halina jibu lolote kuhusu kilichotokea Baringa. Tena shajara ya 1903, ile iliyotolewa ili kumharibia jina, inaonyesha siku kwa siku mahali alipokuwa, watu aliowahoji, alichokiona asubuhi na alichokiandika usiku. Maadui zake walihifadhi, bila kujua, ushahidi mwingine kwamba safari ya Kongo ilifanyika kama alivyosema.

Si kila mtu aliyetishika. Kutoka Marekani, Negro Fellowship League, chama cha watu weusi, kilimwomba Mfalme George wa Tano asimnyonge, kikieleza kwamba bila yeye dunia huenda isingejua mateso ya watu wa Kongo. Hawakusema lolote kuhusu Ireland wala Ujerumani. Walitenganisha mambo kwa uwazi ambao wasomi wengi wa London walishindwa kuufikia msimu ule, pengine kwa sababu wao walikuwa na ndugu zao wa kuwafikiria.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba kumjadili Casement kwa urefu huu ni kuendeleza desturi ya kuifanya historia ya Kongo kuwa historia ya Mzungu mmoja mwenye moyo. Pingamizi hili haliivunji hoja yangu, linaifikisha inakotakiwa kufika. Ikiwa ushuhuda hupimwa kwa waliousema na waliouthibitisha, basi wenye ushuhuda ni wale wakimbizi wa vikapu ishirini, ni Lontulu, ni Nsala. Casement alikuwa mwandishi wao na msafirishaji wao. Kuzimwa kwa ushuhuda huo hakukuanza wala kuishia mwaka 1916. Mwaka 1908, kabla ya kukabidhi Kongo, Leopold aliamuru kumbukumbu za dola yake zichomwe, na matanuru ya Brussels yakawaka kwa siku nane. Maelezo ya mashahidi 370 yaliepuka moto, yakafungiwa. Katika miaka ya 1970 mwanadiplomasia wa Ubelgiji, Jules Marchal, aliposoma madai ya vifo vya Kongo katika gazeti la Afrika Magharibi na kutaka kuyahakiki katika wizara yake mwenyewe, alinyimwa ruhusa kwa miaka, na hatimaye akaandika vitabu vilivyothibitisha aliyokuwa akitaka kuyakanusha. Mwaka 2003 taarifa ya Casement ilichapishwa Dublin ikiwa imerudishiwa majina ambayo wizara iliyafuta karibu miaka mia moja nyuma. Ilichapishwa kwa Kiingereza. Maelezo yaliyotolewa mbele ya tume yaliandikwa kwa Kifaransa na yamehifadhiwa Ulaya, ilhali wazao wa waliosema wanasoma Kilingala na Kiswahili huko Mbandaka, Basankusu na Kisangani. Vyuo vikuu vya Kongo na vya Afrika Mashariki vina wafasiri wa kuifanya kazi hiyo, na maandishi yenyewe hayazidi yale ambayo kikundi kidogo cha watafiti kinaweza kuyamaliza. Waanze na maelezo ya Lontulu.